Pepo za Diani: Moshi Wetu Huenda Wapi, na Hurudi Saa Ngapi

Kila mgeni anayeshuka Diani husifu hewa. Aliyetoka Nairobi husimama ufuoni, akavuta pumzi hadi kifua kikajaa, akasema hapa mtu anaweza kuishi miaka mia. Simlaumu. Kwa saa aliyofika na mahali aliposimama, anasema kweli. Lakini mwambie aje huku kwetu ndani ya Ukunda mwezi wa Februari, saa kumi na moja alfajiri, wakati tunapoelekea msikitini. Ataziona taa za barabarani zimezungukwa na utando kama ukungu, na ukungu huo hauna harufu ya umande. Una harufu ya plastiki iliyoungua.

Mji ni mmoja, watu ni wale wale, jaa la taka halikuhama. Kilichobadilika kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri ni upepo. Wazee wetu wa bahari walikuwa na jina la kila upepo kwa sababu riziki yao ilitegemea tanga. Sisi tuliohamia kwenye pikipiki tumeyasahau mengi ya majina hayo, ilhali pepo zenyewe bado zinatupangia nani atavuta nini.

Tuanze na ardhi. Diani ni ukanda mwembamba. Mashariki ni bahari, na mbele ya ufuo kuna mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi. Hoteli zimejengwa juu ya jiwe la matumbawe ya kale, yaliyokuwa chini ya maji zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Juu ya jiwe hilo ndipo vilipobaki vipande vya msitu wa asili, na Kaya Kinondo ni mojawapo ya kaya za Wamijikenda zilizoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008. Ukiiacha barabara ya hoteli ukaenda magharibi kama kilomita tatu, unafika Ukunda penyewe, kwenye barabara kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga. Hapo ndipo lilipo soko, steji, magereji, na ndipo wanapolala wengi wa wale wanaotandika vitanda na kupika katika hoteli za ufuoni. Mbele zaidi ardhi inapanda polepole, minazi, mikorosho na mihogo, hadi vilima vya Shimba, ambavyo vimeinuka kama mita 400 juu ya bahari.

Kwa hiyo tuna bahari upande mmoja, vilima upande wa pili, na mji umekaa katikati. Upangaji huo ndio unaoamua njia ya moshi.

Mchana, jua linapopiga, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya bara hupanda juu, na hewa ya bahari huingia kujaza nafasi yake. Upepo huu wa kutoka baharini, ambao ukianza asubuhi wazee huuita matlai, hushika nguvu kuanzia saa tatu au saa nne na huendelea hadi jioni. Ni hewa iliyosafiri juu ya maji matupu, imebeba chumvi na unyevu basi. Kwanza inapita hotelini, kisha inafika Ukunda. Pale Ukunda ndipo inapobeba moshi wa majiko, wa jaa na wa magari, halafu inaondoka nao kuelekea bara, kwenye vijiji vya upande wa Muhaka na mbele yake. Mtalii aliyelala kwenye kiti cha ufuoni hawezi kuusikia moshi huo hata tone. Yuko upande ambao upepo unatoka.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa haraka, bahari inabaki na joto lake, na hewa baridi inaanza kuteremka taratibu kutoka bara kuelekea majini. Huo ndio upepo wa umande, ambao wavuvi wa ngalawa waliutumia kutoka alfajiri bila kupiga kasia. Ni upepo dhaifu, unapita chini chini, na moshi uliowashwa jioni unateremka nao pole pole hadi kwenye nyumba za watu, na baadaye hadi ufuoni.

Na kuna jambo la pili linalotokea usiku huo huo. Kwa kawaida hewa ya chini ndiyo yenye joto na ile ya juu ndiyo baridi, kwa hiyo moshi hupanda. Lakini usiku mtulivu usio na mawingu, ardhi hupoa mno hata hewa iliyoigusa ikawa baridi kuliko iliyo juu yake. Hewa baridi ni nzito, haipandi. Inakuwa kama sufuria iliyofunikwa, na kifuniko chenyewe kinaweza kuwa si juu sana kuliko minazi. Chochote kitakachochomwa chini ya kifuniko hicho kitabaki humo mpaka jua lipande na kuipasha ardhi tena.

Kifuniko cha namna hiyo kimewahi kuua. Mwaka 1948, mwishoni mwa Oktoba, mji mdogo wa Donora katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ulifunikwa kwa siku kadhaa. Mji ule ulikuwa na watu kama 14,000, umekaa bondeni kando ya mto, na ulikuwa na viwanda vya chuma na zinki. Moshi ulikosa pa kwenda. Watu 20 walikufa, na maelfu waliugua. Miaka minne baadaye, Desemba 1952, London ilipatwa na jambo hilo hilo kwa siku tano kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe, na waliokufa walihesabiwa kwa maelfu.

Diani haiwezi kuwa Donora. Hatuna bonde, hatuna kiwanda cha zinki, na kifuniko chetu huvunjwa na jua kila asubuhi. Nimeutaja mji ule kwa sababu moja tu: watu wa Donora nao walikuwa na moshi kila siku kwa miaka mingi na hawakuuona kuwa ni balaa, kwa kuwa siku nyingi upepo uliuondoa. Sisi pia tunachoma kila siku na kuutegemea upepo uondoe.

Sasa tuingie kwenye misimu, maana upepo wa mchana na wa usiku unaishi ndani ya pepo kubwa mbili za mwaka.

Kaskazi inashika kuanzia Desemba hadi Machi. Inatoka kaskazini-mashariki, kavu na yenye joto. Ukitazama ramani utaona kwamba pwani yetu kutoka Mombasa hadi Msambweni inaelekea kusini na kuingia kidogo magharibi, kwa hiyo kaskazi inatembea karibu sambamba na ufuo. Maana yake ni kwamba msimu huu Mombasa iko upande wa juu wa upepo wetu, umbali wa kilomita 30 hivi. Huko kuna bandari ya Kilindini, kuna malori, na kuna mitambo ya umeme ya Kipevu inayotumia mafuta mazito. Nitakuwa mwadilifu: meli zimepunguza uchafu wake. Tangu Januari 2020 sheria ya kimataifa imeshusha kiwango cha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Hata hivyo hewa inayotufikia Diani wakati wa kaskazi si sawa na ile ya kusi, na mwenye kifua chepesi anaijua tofauti.

Hata Bahari ya Hindi yenyewe, upande wa kaskazini, huwa na utando wake katika miezi hiyo. Mwaka 1999 wanasayansi wa mradi ulioitwa INDOEX walipima hewa juu ya bahari hiyo kuanzia Januari hadi Machi na kukuta wingu la kahawia la moshi na masizi, lililotoka hasa Asia ya Kusini na kuenea maelfu ya kilomita juu ya maji. Walioamini kwamba hewa ya baharini ni safi wakati wote walishangaa.

Lakini uchafu mkubwa wa kaskazi tunautengeneza wenyewe, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo penye uzito wa makala hii. Desemba hadi Machi ndio msimu wa wageni. Hoteli zinajaa, majumba ya kukodi yanajaa, jamaa wa bara wanakuja kwa likizo. Taka zinaongezeka. Ni msimu huo huo ambapo hakuna mvua, majani ya minazi na makumbi yamekauka, na mkulima anayesubiri masika anafyeka shamba na kuwasha biwi. Barabara za ndani za Ukunda zimekuwa unga mwekundu, na kila tuktuk linalopita linaacha mkia wa vumbi. Na ndio msimu wenye usiku mwingi wa mbingu safi na upepo mdogo, ule ule unaotengeneza kifuniko. Vyote hivi vimekutana katika miezi minne. Msimu unaoleta pesa mjini ndio huo huo unaoleta moshi mwingi, na pesa na moshi havigawanywi kwa watu wale wale.

Hebu zifuate taka za siku moja. Mgeni anakunywa maji ya chupa, anakula, anatupa. Lori linachukua, hoteli inabaki safi, ufuo unabaki safi. Taka zinaishia bara, na nyingi zinaishia motoni, iwe kwenye jaa au kwenye kiwanja kitupu nyuma ya nyumba ya mtu. Mchana moshi unakwenda kwa watu wa vijijini. Usiku unarudi kwa watu wa Ukunda. Hoteli nayo huupata kidogo alfajiri, wakati mgeni amelala na madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Nikisema hivi siwatupii lawama wenye hoteli peke yao. Jirani yangu anachoma nepi za mtoto na mifuko kila magharibi na hajawahi kupokea mtalii.

Masika, ambayo hapa kwetu wengi huita mvua za mwaka, huanza mwishoni mwa Machi au Aprili, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi. Mvua huosha hewa kama inavyoosha majani. Tone likianguka linabeba vumbi na masizi chini, barabara inalowa, biwi halishiki moto. Ukienda Kwale mjini, juu vilimani, utaona mpaka ukungu mweupe wa asubuhi ambao ni maji matupu. Hewa ya nje ni safi kuliko wakati wowote.

Ya ndani ndiyo inayoharibika. Kuni zimelowa, na kuni mbichi hutoa moshi mara dufu. Jiko lililokuwa uani limeingizwa ndani kukwepa mvua, dirisha limefungwa kuzuia manyunyu. Mama na watoto wadogo wanakaa humo saa nzima kusubiri ugali. Wengine huliacha jiko la mkaa chumbani usiku ili kuondoa baridi, na hilo linaua, kwa sababu mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Basi mtoto akikohoa mwezi wa Juni tunasema ni baridi ya kipupwe. Huenda ni baridi. Huenda pia ni jiko.

Mvua huleta mbu, na mbu huleta zile dawa za kijani za mviringo tunazowasha chini ya kitanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima moshi wake na kukuta kwamba dawa moja ikiungua hadi mwisho hutoa chembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Nilipoisoma mara ya kwanza niliirudia. Chandarua hakitoi moshi. Na kwa kuwa nimeshaingia chumbani, niseme na la udi na ubani, ingawa najua nitasemwa: chetezo nacho ni moto, na moshi wake ni moshi. Siwezi kumwambia Mswahili asifukize nyumba yake Alhamisi jioni, wala mimi mwenyewe sitaacha. Lakini dirisha lifunguliwe, na mwenye pumu akae nje kwanza.

Kusi ndiyo neema yetu. Inavuma kuanzia Aprili na kupata nguvu Juni hadi Agosti, ikitoka kusini-mashariki, kutoka bahari kuu, na imepita maelfu ya kilomita bila kukutana na mji wala shamba linaloungua. Inavuma hata usiku, kwa hiyo kifuniko nilichokieleza hakipati nafasi ya kujitandaza. Mabati yanaoza kwa chumvi yake, redio zinaharibika, lakini kifua kinapumzika. Chumvi ya bahari ni chembe kubwa kubwa, nyingi zinanaswa puani, hazina madhara ya masizi ya plastiki. Mwenye kipimo cha bei nafuu ajihadhari tu: unyevu wa kusi hukidanganya, kikasoma uchafu ambao haupo.

Kati ya pepo hizi mbili kuna maleleji, wakati upepo haujui uendako. Mnamo Machi na tena Novemba hivi, siku mbili tatu bahari hulala kama mafuta. Wavuvi hufurahi. Wenye pumu wawe na dawa zao mfukoni.

Msomaji ataniuliza: chembe laini ni nini hasa, na kiasi gani ni kibaya? Wataalamu huhesabu chembe zilizo ndogo kuliko mikromita 2.5, yaani karibu mara thelathini nyembamba kuliko unywele wa mtu. Vumbi kubwa tunalipiga chafya, lakini hizi hupita hadi ndani kabisa ya mapafu na nyingine huingia kwenye damu. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, na wa saa 24 usizidi 15. Vyombo vya kupimia si vya wazungu peke yao tena. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, umekuwa ukiunda vyake tangu 2015, vimetengenezwa kuhimili vumbi na joto la huku kwetu.

Ila kipimo kinaweza kusema kweli na bado kikapotosha. Kikiwekwa kwenye bustani ya hoteli na kusomwa saa nane mchana, Diani itaonekana miongoni mwa miji safi kabisa duniani. Tunahitaji kimoja ufuoni, kimoja katikati ya Ukunda, kimoja huko bara kwenye vijiji vinavyopokea moshi wa mchana, na visomwe usiku na mchana kwa mwaka mzima, kaskazi na kusi. Hapo ndipo tutajua nani anavuta nini. Na kimoja kingewekwa karibu na machimbo ya mawe ya upande wa Tiwi na Waa, ambako vijana wanakata matofali ya matumbawe wakiwa weupe kwa vumbi kutoka kope hadi vidole.

Kusini kwetu, mgodi wa titani wa Base Titanium ulioanza kusafirisha madini mwaka 2014 ulimaliza kuchimba Desemba 2024. Malori yake hayapo tena barabarani, lakini barabara ya Dongo Kundu imefunguka na malori mengine hayalazimiki kupanga foleni ya feri Likoni. Magari yanayopita Ukunda hayatapungua. Nyumba nazo zinazidi kujengwa katika ule msitu ulio kati ya mji na ufuo, ambao majani yake yalikuwa yakinasa vumbi bila kulipwa. Wengi wanawaonea huruma mbega wanaokosa miti. Mimi naona na sisi tumo.

Kuhusu nani anawajibika, karatasi ziko wazi. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limeorodhesha udhibiti wa uchafuzi wa hewa na uondoaji wa taka miongoni mwa kazi za kaunti, si za Nairobi. NEMA ina kanuni za ubora wa hewa tangu 2014. Na asidhani mtu kwamba haya ni maneno ya vitabuni: wakazi wa Owino Uhuru, kule Mikindani, waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Iliwachukua miaka mingi na walizika watoto kabla ya hukumu hiyo.

Bajeti ya kaunti hupangwa kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai, katikati ya kusi, wakati hewa ni safi na hakuna anayekumbuka moshi. Magari ya taka huhesabiwa kana kwamba kila mwezi ni sawa. Miezi ya Desemba hadi Machi inahitaji magari zaidi na safari zaidi, na jaa linahitaji mlinzi jioni, si mchana, kwa sababu moto wa saa mbili usiku ndio unaokaa mpaka asubuhi. Ambaye lazima achome majani makavu shambani, achome saa tano au saa sita mchana upepo ukiwa umeshashika, mbali na nyumba za watu, na plastiki aitoe kwanza. Mwenye pumu na mzee anayependa kutembea kwa mazoezi asitoke alfajiri wakati wa kaskazi. Asubiri saa tatu, matlai ikianza kutikisa makuti.